Mawe Kwenye Hotipoti

Nyuma ya mtungi wa maji, nyumbani kwa Bujiku, mtaa wa Kalangalala mjini Geita, kulikuwa na chungu kidogo kilichojazwa mchanga mbichi. Ndani ya mchanga kulifukiwa kichupa cha dawa kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nyumba haikuwa na friji, na daktari alisema dawa ile ikipigwa na joto inageuka maji ya kunawia. Kwa hiyo kila asubuhi Esta, mke wa Bujiku, aliumwagilia mchanga ule kama mtu anayeotesha mchicha.

Jirani yao Apolonia alikiona chungu siku aliyokuja kuomba chumvi. Kabla chumvi haijayeyuka kwenye mboga yake, nusu ya mtaa ilikuwa inajua kwamba Bujiku, dereva wa tipa la mawe ya dhahabu, anafuga ndagu. Na mtu akishasemwa ana ndagu, dawa ya utajiri inayolishwa kafara, hakuna anayeuliza mbona suruali yake ina kiraka. Wanasema tu bado inakua.

Bujiku aliusikia uvumi na akauacha utembee.

"Mwenye ndagu anaogopwa," alimwambia mkewe. "Mwenye sindano anapakishwa."

Alikuwa anasema kweli. Katika kampuni yao, dereva mwenye kisukari anayemeza vidonge aliendelea na kazi ilimradi awe na barua ya daktari. Aliyefikia sindano ya insulini alikabidhi ufunguo, akapaki, akakaa nyumbani mpaka daktari amfuatilie na kuthibitisha kwamba sukari yake haimshukii ghafla. Kilichoogopwa zaidi si sukari kupanda, ni kushuka. Ikishuka, kichwa kinazima na mguu unabaki kwenye mafuta. Bujiku alikuwa na barua ya vidonge. Sindano alianzishiwa baada ya mavuno ya mpunga, na barua mpya haikufika yadi.

Asubuhi hiyo nesi alikuwa anakuja yadi kuwatoboa madereva vidole.

"Vuta mpaka thelathini," Bujiku alisema.

Esta alikuwa ameshika sindano mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akivuta dawa siku zote, maana mumewe, mtu anayerudisha nyuma tipa lililojaa mawe kwenye ukingo wa shimo huku akipiga mluzi, alikuwa akiona sindano anafumba macho.

"Thelathini? Daktari aliandika ishirini."

"Daktari hapimwi leo."

"Na uji?"

"Sinywi. Nikinywa, nesi ataikuta sukari imekaa sebuleni imekunja nne."

"Baba Lusia, alisema usichome bila kula. Nilikuwa nimekaa pale pale. Ulimwitikia."

"Nitakula. Nesi akiachia tu kidole changu, nakula. Niwekee matobolwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Unataka Lusia arudi kutoka bweni tumwambie baba yako siku hizi analinda kuku?"

Esta akavuta mpaka thelathini. Bujiku akafumba macho. Baada ya hapo Esta alijaza hotipoti matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ambavyo Msukuma akiwa navyo safarini hana haja ya kuulizia hoteli. Akaifunga kwa kitambaa, akakaza fundo.

"Ukishakula, nipigie."

"Nitapiga."

"Ukishakula, nimesema. Si ukishapimwa."

"Nimesikia, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

* * *

Yadini, madereva walijipanga mbele ya meza ya nesi. Wa kwanza kupimwa alikuwa Masudi, Mzaramo wa Kisarawe aliyefika Geita kuchimba, akakosa dhahabu, akapata usukani. Yeye na Bujiku walikuwa watani, kama walivyo Wazaramo na Wasukuma tangu enzi za wapagazi. Mtani anaweza kukuchukulia kuku wako huku unamtazama, na ukikasirika mwenye makosa ni wewe.

"Nesi, huyu mtoboe kisigino," Masudi alisema zamu ya Bujiku ilipokaribia. "Vidoleni Msukuma hana damu. Ana maziwa ya mgando."

"Na wewe wamekutoboa wapi?" Bujiku alimjibu. "Maana Mzaramo ukimtoboa kinatoka tui."

Watu wakacheka. Bujiku naye alicheka, huku viganja vyake vimelowa. Masudi, ambaye hakuwa na subira ya kusimama mahali pasipo na chakula, aliondoka pale mezani akaelekea upande wa magari.

Nesi alimtoboa Bujiku, akagusisha tone kwenye kipimo, wakasubiri. Bujiku alikitazama kile kidude kama mtu anayetazama mlango wa mahakama.

"Sita nukta moja. Nzuri sana. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Vidonge unameza vizuri?"

"Vizuri gete."

Nesi aliandika. Hakuwa na kosa lolote. Kipimo kile husema mtu yuko wapi mlimani. Hakisemi kama anapanda au anateremka, wala kama breki zinashika.

Wakati huo Masudi alikuwa kwenye tipa la Bujiku pamoja na madereva wengine wawili, wamefungua hotipoti. Walikula matobolwa yote, Masudi akiwaeleza wenzake kwamba huu si wizi, hii ni kodi. Walipomaliza akapanda nyuma kwenye mzigo, akachagua mawe yenye ukubwa wa viazi, akayapanga ndani ya hotipoti vizuri kabisa, akarudisha kitambaa na fundo lake.

Bujiku alifika anakimbia. Kabla hajashika mlango, Deusdedit, msimamizi wa safari, alimwita.

"Bujiku, toka. Masumbwe karasha limesimama, wanasubiri mawe. Masudi atakufuata nyuma."

"Dakika moja bosi, nipate kidogo…"

"Utapata barabarani. Mungu alikupa mikono miwili."

Bujiku hakubishana. Dereva ambaye ndiyo kwanza amepimwa akaonekana mzima hasemi ni lazima ale sasa hivi. Ataulizwa kwa nini. Akapanda, akainyanyua hotipoti kuiweka kando ya kiti. Ilikuwa nzito. Esta amejaza kweli, aliwaza, na moyo ukatulia.

* * *

Gari la mawe ya dhahabu likishatoka getini halisimami mpaka kwenye karasha, mashine ya kupondea mawe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria kubwa kuliko zote. Kila tipa lilikuwa na kifaa kinachoonyesha lilipo, na dereva akisimama pasipo ruhusa ofisi inajua anashusha mawe kwa wanunuzi wa vichakani. Madereva waliokuwa wamesimama kukojoa tu waliwahi kulala rumande.

Bujiku alipoipita nyumba ya mwisho ya mji, alifungua fundo kwa mkono mmoja, akafunua kifuniko, akatia mkono bila kuangalia. Akashika kitu baridi.

Alicheka. Mtani akikuotea, kwanza unacheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, akaanza kuchimba chini ya mawe, akitafuta kama kuna kipande hata kimoja kilichobaki. Jiwe, jiwe, jiwe. Alifungua kisanduku cha mbele ya gari. Kulikuwa na bisibisi, kitambaa cha kufutia kioo na karatasi ya peremende isiyo na peremende.

Angeweza kusimama. Kila kibanda alichokipita kilikuwa na kreti za soda nje, nyekundu na kijani, zinamtazama. Lakini akisimama, Deusdedit atapiga simu. Na akiulizwa kwa nini amesimama, atasema nini? Njaa? Dereva gani anasimamisha mawe ya dhahabu kwa njaa? Akajiambia afike Katoro, aseme tairi limelegea, anywe soda mbili. Katoro si mbali.

Jasho lilianza kwenye midomo. Vidole vikamcheza kwenye usukani. Moyo ukawa unakimbia bila kumwambia unakwenda wapi. Simu ililia kwenye dashibodi, akaona jina la Esta likiwaka, akanyoosha mkono, mkono ukafika mahali pengine. Mstari mweupe katikati ya barabara ukawa miwili, na yote miwili ilimwita. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana.

Baadaye kidogo hofu ikaisha. Akajisikia vizuri, mwepesi, hata akaanza kupiga mluzi. Alikuwa amesahau soda, amesahau Katoro, amesahau kwamba anatakiwa kuogopa. Mguu ulikuwa kwenye mafuta.

* * *

Esta alipiga, akapiga tena. Alikuwa ameacha unga bila kuuchunga na moto bila kuuchochea. Mwishowe akampigia Masudi, ambaye alipokea kwa spika huku akiendesha, sauti imejaa kicheko.

"Shemeji, shikamoo ya shemeji haipo, lakini leo nakupa. Matobolwa yako ni matamu mpaka nimemsamehe Msukuma madeni yote ya babu zake."

Esta akaibana simu sikioni.

"Shemeji?"

"Umekula wewe?"

"Tumekula sisi. Mwenyewe nimemwekea mawe, tena ya dhahabu. Ukiongea naye mwambie asiyatafune…"

"Masudi, yote? Hamkumbakizia?"

"Shemeji, ni utani tu. Usinune, nitakununulia debe zima."

Esta alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, kando ya mtungi. Akilitamka neno moja, kazi ya mumewe imekwisha. Asipolitamka, huenda Bujiku atapata soda, atafika Masumbwe, atarudi jioni akicheka. Huenda. Upande wa pili wa ua, Apolonia alikuwa amesimama na ufagio ambao haukuwa unafagia chochote.

"Masudi, nisikilize. Anachoma sindano ya sukari. Leo amechoma nyingi, na hajala tangu jana. Nimemvutia mimi kwa mkono wangu. Msimamishe."

Kwenye simu injini ilipanda mlio.

"Shemeji, mimi nilifanya utani."

"Najua. Msimamishe, atawaua watu."

* * *

Masudi alimkuta Bujiku kwenye mwanzo wa Katoro, siku ya gulio, barabara imejaa bodaboda, mikokoteni na akina mama wenye ndoo za nyanya. Tipa lilikuwa linakwenda katikati kabisa ya barabara, wala halina haraka, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Pikipiki zilikuwa zinaruka pembeni. Masudi alipiga honi, akawasha taa, akapiga honi tena. Hakuna kitu.

Akatoka upande wa kulia, akapita sambamba, akapiga kelele kupitia dirishani. Bujiku aligeuza uso uliong'aa kwa jasho, akamtabasamia. Lilikuwa tabasamu la adabu, lile unalompa mtu msiyejuana.

Masudi alikuwa amewahi kufukiwa na duara, shimo la wachimbaji, akatolewa baada ya kutwa nzima, na hakuogopa kule kama alivyoogopa lile tabasamu.

Alipita, akaingia mbele, akaanza kupunguza mwendo kidogo kidogo, akimsubiri. Tipa la nyuma likamgonga mkiani. Chuma kililia. Akakanyaga breki, likamsukuma, magari mawili yaliyojaa mawe yakateleza pamoja kama yamefungwa kamba moja, yakasomba meza ya vitunguu na mwavuli wake. Mwenye meza, mama aliyebeba mtoto mgongoni, alikuwa ameinama kuokota sarafu iliyomwanguka. Aliinuka akakuta gurudumu limesimama mahali ambapo angeweza kuligusa bila kunyoosha mkono.

Hakupiga kelele. Alimtoa mtoto mgongoni, akamtazama mikono, akamtazama miguu, akaketi.

Watu walizingira. "Amelewa," mmoja alisema. "Si pombe hii," mwingine akasema, "ndagu imemgeuka, angalieni macho." Masudi alipasua kundi kwa kiwiko, amebeba soda iliyofunguliwa, akapanda, akamshika mwenzake kidevu.

"Kunywa, Msukuma. Kazi ya mtani ni kukuzika, lakini leo sijajiandaa. Kunywa. Nimekwambia kunywa."

Nusu ya soda ilikwenda kifuani, nusu ikashuka. Ya pili ilishuka yote. Polepole macho ya Bujiku yalirudi kutoka yalikokuwa, yakaona mkono wa Masudi, hotipoti iliyopinduka, mawe kwenye sakafu ya gari, kisha vitunguu barabarani.

"Nimeua?"

"Hujaua."

"Mbona unalia?"

"Vumbi," Masudi alisema. "Katoro kuna vumbi sana."

* * *

Deusdedit alifika na walinzi wawili, akiwa na uhakika kwamba amekamata wezi wa mawe. Masudi alimwahi kabla hajafunga mlango wa gari.

"Breki, bosi. Za Bujiku zimekataa. Nimemkinga kwa mkia."

"Breki? Fundi Selestine alizipitisha jana."

"Ndizo hizo hizo."

Bujiku alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda. Alifumbua mdomo, Masudi akamkanyaga mguu, akafumba.

Jioni, kabla jua halijazama, Masudi alifika Kalangalala kuirudisha hotipoti. Hakutania. Aliketi kwenye kigoda, akaiweka chini kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Selestine fundi ameambiwa kesho asubuhi aje achukue spana zake aondoke. Amekuja kwangu. Ananiuliza, kaka, zilikataa vipi? Zilianza kwa kulia, au zilizama moja kwa moja? Anataka kujua amekosea wapi."

"Umemwambia nini?" Bujiku aliuliza.

"Nimemwambia zilizama."

Uongo ule ulikuwa mgumu kumeza, lakini ulikuwa umekwisha kumezwa: Bujiku angeweza kuamka kesho, apewe gari jingine, na mtaa uendelee kusema ndagu. Ilibaki Apolonia aliyesikia, na Apolonia, cha ajabu, siku hiyo alikuwa hajaenda kwa mtu yeyote.

Masudi alipoondoka, Esta aliumwagilia mchanga wa chungu.

"Kesho nikuvutie ngapi?"

"Ishirini."

"Kabla ya uji au baada?"

"Baada."

"Na baada ya hapo unakwenda wapi?"

Bujiku alitazama mikono yake. Alikuwa bado anahisi lile jiwe la kwanza, baridi yake, pale alipotarajia kiazi.

"Yule mama wa vitunguu," alisema. "Siikumbuki sura yake. Nimejaribu mchana kutwa. Nilikuwa nampitia juu, na sikumwona."

* * *

Asubuhi Bujiku aliingia yadini amekumbatia chungu. Madereva walimwona, wakakiona alichobeba, na kwa sababu uvumi wa Kalangalala haulipi nauli, wote walikuwa wanakijua. Njia ikafunguka mbele yake. Mmoja aliyekuwa anachubua muwa alirudi nyuma mpaka akagonga tenki la mafuta.

Deusdedit aliinuka kwenye kiti chake.

"Bujiku. Hicho kiweke nje. Mimi nina watoto."

"Na mimi ninaye." Alikiweka mezani, akatia vidole kwenye mchanga, Deusdedit akasogea mpaka ukutani. Kilitoka kichupa, kidogo kama cha matone ya macho. "Breki za Selestine ni nzima. Kilichokatika ni mimi. Hii ndiyo ndagu yangu, inakaa kwenye mchanga ili isiharibike."

Deusdedit aliinama akasoma. Kwanza uso wake ulionyesha nafuu, maana haikuwa ile aliyoidhani. Kisha akaelewa ni nini, nafuu ikaondoka.

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mpunga."

"Umekuwa ukiendesha mawe yangu kupitia Katoro, tangu mpunga."

"Ndiyo, bosi."

"Ufunguo."

Bujiku aliuweka kando ya chungu.

"Sindano peke yake haifukuzishi mtu," Deusdedit alisema, sasa kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Unapaki, daktari anakufuatilia, akisema huanguki tunaongea. Lakini umeficha. Hilo si langu, ni la wakubwa. Siwezi kukuahidi."

"Na mimi?" Masudi aliuliza kutoka mlangoni.

"Wewe ulidanganya. Hilo nalo linapanda juu."

Getini Bujiku alipishana na Selestine, aliyekuwa amekuja kuchukua spana zake na sasa anazirudisha ndani. Bujiku alimsalimu. Selestine alimtazama, akatazama chungu, akapita. Hakumshukuru, na hakukuwa na cha kushukuru.

* * *

Siku hizi magari ya mawe yanapopita barabara kuu, Bujiku anayasikia akiwa kwenye kigoda. Analijua lake kwa mlio. Aliyepewa anaunguza klachi. "Anaua gari huyo," Bujiku husema, bila kumwambia mtu.

Esta naye bado anashtuka kila honi ikilia, kama alivyoshtuka miaka yote. Kisha anageuka, anamwona mumewe yupo, mzima, ana uji mdomoni, na moyo unatulia. Haukai. Anaikumbuka ada ya Lusia, na barua ya wakubwa ambayo haijaja, na moyo unaruka kwa mara ya pili. Hofu ya kwanza imetoka ndani ya nyumba. Hii ya pili ndiyo inayokula nao.

Siku ya kliniki anamfungia hotipoti. Matobolwa anayapanga mwenyewe, mlango umefungwa, na hakuna mtani yeyote karibu. Hata hivyo, kabla ya kukaza fundo, hufunua kifuniko tena, akatia mkono, akaushusha mpaka chini kabisa.